Januari nilibebwa juu, Juni nikasahau neno 'kivumishi'

Mhariri,

Kila Januari matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, yanapotangazwa, gazeti lako huchapisha picha za walimu na wanafunzi waliobebwa mabegani, matawi yakipepea, akina mama wakipiga vigelegele. Mwaka jana nami nilibebwa. Somo langu la Kiswahili lilikuwa limepanda kutoka wastani wa 8.7 hadi 10.1 kati ya 12, katika shule moja ya wasichana hapa Kakamega ambayo sitaitaja. Wazazi walininyanyua langoni wakanipeleka hadi kwenye mlingoti wa bendera. Kiatu kimoja kilidondoka njiani na hakuna aliyekiona. Nakumbuka kwamba nikiwa huko juu niliwaza jambo moja tu: mwaka ujao lazima iwe 10.5.

Miezi mitano baadaye, Jumanne moja ya Juni, nilisimama mbele ya Kidato cha Tatu. Nilikuwa nimeandika sentensi ubaoni na kulipigia mstari neno moja, nikageuka kuwaambia wanafunzi neno lile ni la aina gani, na sikuweza. Nilisahau neno 'kivumishi'. Nimefundisha Kiswahili miaka 19. Wasichana 58 walinitazama kimya, kisha mmoja wa mbele akaninong'oneza, kama sisi tunavyowanong'oneza wao wanaposahau ubeti wa shairi jukwaani. Nilimaliza kipindi, nikaenda chooni, nikajifungia humo hadi kengele ya chakula cha mchana.

Nawaandikia watu wa aina yangu, wawe walimu, wauguzi, wahasibu au wenye biashara zao. Mtu anayefanya vyema haulizwi hali yake. Huulizwa siri ya ushindi wake. Nataka kueleza kilichonisaidia nilipoishiwa na nguvu za kazi, nacho ni kuketi na mshauri nasaha mara tisa. Nitakieleza kwa undani kwa sababu nilikuwa nimeambiwa mara nyingi "tafuta ushauri", na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia ndani ya kile chumba hufanyika nini.

Mimi ni kifungua mimba wa watoto sita, upande wa Shinyalu. Nimewasomesha wadogo zangu wanne. Tuna methali kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwangu ilikuwa kinyume: kila niliposifiwa nilipanda mnazi mrefu zaidi. Saa kumi na dakika ishirini alfajiri nilikuwa macho, saa kumi na moja niko darasani kwa prepu ya asubuhi. Jioni prepu tena hadi saa tatu usiku. Jumamosi vipindi vya ziada. Nilikuwa na mikondo mitatu yenye wasichana 58 kila mmoja, na kila mwanafunzi aliniandikia insha moja kwa wiki. Piga hesabu: insha 174, dakika nne kila moja, ni zaidi ya saa kumi na moja na nusu za kusahihisha, kila wiki, juu ya kazi nyingine zote. Mtaala hauagizi hivyo. Mwalimu mkuu hakuniamuru. Niliamua mwenyewe, kisha nikasahau kwamba niliamua.

Dalili zilianza mapema nami nikazipa majina mengine. Kuamka saa tisa usiku nikaita bidii. Kichwa kuuma nikaita miwani. Kuwafokea watoto wangu nikaita malezi. Ila kuna jambo moja ambalo sina jina jingine la kulipa.

Mwezi Mei niliwapa Kidato cha Tatu insha ya methali, "Baada ya dhiki faraja". Msichana mmoja aliandika kuhusu mazishi ya mama: jeneza lililopitishwa kwa shida mlangoni, mdogo wake aliyeuliza mama ataamka saa ngapi, sufuria za kukodi zilizokuja kudaiwa kesho yake. Kisa kikaishia hapo. Nilikisoma usiku wa manane nikampa alama 9 kwa 20, na pambizoni nikaandika kwa wino mwekundu: "Kisa hakikudhihirisha methali. Faraja iko wapi?" Siku tatu baadaye mlezi wa bweni aliniambia kwamba msichana yule alimzika mama yake likizo ya Aprili. Nikasema, "Maskini, pole yake," nikafungua daftari lililofuata. Sikuhisi kitu, Mhariri. Mimi ambaye miaka ya mwanzo nilikuwa nikilia nikisoma insha za watoto.

Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hii mwaka 2019 katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika 2022. Halikuiita ugonjwa. Liliiweka kama jambo linalotokana na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa, nalo likataja alama tatu: nguvu kukwisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na mtu kuona kwamba hafai tena katika kazi hiyohiyo. Nilipozisoma zile alama tatu niliona usiku wa ile insha. Wengi huiita uchovu wa kazi. Mimi kama mwalimu wa lugha siridhiki na neno 'uchovu', kwa sababu uchovu huisha ukilala. Huku nyumbani tulisomea koroboi. Mafuta yakikauka na hujaizima, moto huanza kula utambi wenyewe, na hapo hata ukijaza mafuta mapya taa hutoa moshi tu mpaka uukate utambi uliokwisha kuungua. Ndiyo maana likizo ya Aprili nililala kwa muda wa saa kumi kila usiku kwa wiki nzima na nikarudi shuleni vilevile. Mimi husema kuishiwa.

Watu walinishauri, na sina ubaya nao. Mama alisema niombe, na tuliomba pamoja, na bado tunaomba. Mwenzangu katika majilisi, chumba cha walimu, alisema, "Wewe unalalamika nini na mshahara unao?" Senge yangu, yaani shangazi, alisema nimerogwa na walimu wa shule jirani. Baba watoto, ambaye ni fundi wa mbao na si mtu wa maneno mengi, alisema tu, "Kesho twende hospitali." Hapo ndipo pa kuanzia, na ningependa kila msomaji ashike hili: daktari kwanza. Alinipima damu, sukari, presha na tezi ya shingoni, kwa sababu upungufu wa damu au tezi ikilegea huweza kumchosha mtu namna hiyohiyo. Majibu yote yalikuwa mazuri. Akaniuliza kama huwa nawaza kufa. Nikamwambia hapana, ila kuna asubuhi nilitamani matatu ipate ajali ndogo tu, nilazwe, nipate kisingizio cha kutofundisha. Hakushtuka. Aliandika karatasi ya kunielekeza kwa mshauri nasaha, nami nikatoka humo nimeudhika, nikidhani ameniita mwendawazimu kwa lugha ya adabu.

Nilichagua kwenda Kisumu ili nisikutane na mzazi wa mwanafunzi. Kwa miezi minne nilipanda matatu Jumamosi, kila baada ya wiki mbili, Khayega, Chavakali, Mbale, Majengo, hadi Kondele. Kwa kuwa mshauri alikuwa na nafasi Jumamosi tu, ilibidi nimwombe mwenzangu achukue vipindi vyangu vya ziada. Hata kabla sijafika kwake, kitu kilikuwa kimeanza kusogea.

Alikuwa mama wa makamo, chumba chake kina viti viwili na dirisha linaloelekea mwarobaini. Aliniamkia, akaniuliza aniite nani. Nikasema, "Mwalimu." Akauliza, "Na nyumbani?" Nikasema hata nyumbani wananiita Mwalimu, hata mama yangu. "Na kabla hujawa mwalimu?" Nikafikiri, nikamwambia baba yangu aliniita Namba Wani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi leo tutafute jina ambalo si cheo." Dakika hamsini zilipita na nikatoka bila ushauri hata mmoja. Nilihisi nimeibiwa shilingi 2,500.

Lazima niseme ukweli kuhusu mwezi wa kwanza, kwa sababu najua watu kama mimi watafanya kosa hilihili. Alikuwa ameniomba niandike kwa wiki mbili jinsi ninavyotumia saa zangu na jinsi ninavyojisikia. Nilimpelekea daftari lililopigwa mistari kwa rula, wino wa rangi nne, jedwali, muhtasari. Alilifungua polepole, akalifunga, akaniuliza, "Ulitaka nikupe ngapi kwa ishirini?" Nililia kwa mara ya kwanza tangu baba afariki. Nilikuwa nimekwenda kutafuta nafuu, na huko nako nilikuwa nafanya mtihani.

Kutoka hapo kazi ilianza. Naiita kazi kwa sababu watu hudhani ni kupiga soga. Rafiki hukupa shauri, hukuonea huruma, hukusimulia yake. Huyu alikuwa akishika sentensi niliyoisema bila kufikiri na kuniomba tuichunguze, kama ninavyochunguza sentensi ubaoni: nani kasema, lini, ushahidi uko wapi. Sentensi yangu ilikuwa hii: "Insha ikilala wiki bila kusahihishwa, watoto watafeli na kosa litakuwa langu." Akaniambia tuipime. Kwa majuma manne ningewapa insha kila wiki ya pili badala ya kila wiki. Kabla ya kuanza niandike ninachoamini kitatokea na nina hakika kwa asilimia ngapi. Niliandika: wanafunzi watalegea, 90. Mwalimu mkuu ataniita, 70. Wastani wa mwisho wa muhula utashuka, 95.

Mwalimu mkuu hakuniita. Wasichana wawili kati ya 174 waliuliza kwa nini hakuna insha wiki ile. Wastani ulishuka kwa 0.1. Nilipokuwa na wiki mbili za kusahihisha, nilianza kuandika pambizoni sentensi nzima badala ya alama za mshangao, na nikawaona baadhi yao wakizisoma.

Njia hii si ya mshauri wangu peke yake. Daktari Mmarekani Aaron Beck aliianzisha miaka ya 1960, akiwatibu watu wenye sonona, na tangu hapo imepimwa na kutumiwa kwa matatizo mengi. Msingi wake mtu yeyote anaweza kuuelewa: kati ya jambo linalotokea na unavyojisikia, kuna maneno unayojiambia, na maneno hayo yanaweza kupimwa kama dai lolote lile. Kwa watu wanaofanikiwa maneno hayo hujificha vizuri, kwa sababu dunia huyashangilia. Mvivu akijiambia "kazi itasubiri", kila mtu humrekebisha. Mwenye bidii akijiambia "nisipofanya mimi hakuna atakayefanya", hupewa cheti.

Kikao cha tano ndicho kilichokuwa kigumu. Aliniuliza ile sentensi yangu, ambayo sasa aliiita sheria, niliipata wapi, nami nikamsimulia kisa ambacho sijawahi kumwambia hata mume wangu. Nikiwa darasa la saba nilikuwa wa pili. Nilikimbia nyumbani na ripoti. Baba, aliyekuwa bawabu wa usiku, aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa shati, akaniuliza, "Wa kwanza ni mtoto wa nani?" Akaondoka kwenda kazini.

Niliogopa mshauri angemlaumu baba yangu. Kama angemlaumu ningetoka na nisirudi. Aliuliza swali jingine: "Baba aliogopa nini?" Na jibu nililijua, ila sikuwa nimewahi kulitamka. Msaada wa karo kutoka kanisani ulikuwa wa mwanafunzi mmoja tu, wa kwanza. Baba hakuwa ananidharau. Alikuwa anapiga hesabu ya mshahara wa bawabu. Tulikaa na hilo muda mrefu. Kisha mshauri akasema sheria ile ilimfaa sana mtoto wa miaka 13 aliyetafuta karo. Mimi nina miaka 43. Karo ililipwa zamani, yangu na ya wadogo zangu wanne, na bado nilikuwa nakimbia nyumbani na ripoti mkononi.

Mengine yalikuwa madogo nami nitayapitia haraka. Madaftari yalihamishwa kutoka chumba cha kulala. Nikikosa usingizi kwa muda, naondoka kitandani nikaketi sebuleni gizani mpaka usingizi urudi, badala ya kupigana nao. Nilijifunza kusema "nitakujibu kesho" kabla ya kukubali jukumu jipya, sentensi ya maneno mawili ambayo ilinichukua vikao viwili kuitamka kwa mwalimu mkuu. Niliacha ulezi wa chama cha mijadala, na mwalimu kijana aliyeupokea anaufanya vizuri kuliko mimi.

Mshauri aliniambia pia jambo lililonipa faraja kuliko yote kwa wakati ule. Mmoja wa watu walioandika kuhusu hali hii mapema kabisa kitaalamu, mwaka 1974, ni mwanasaikolojia wa New York aitwaye Herbert Freudenberger. Mchana alikuwa na wagonjwa wake, jioni anakwenda kujitolea katika kliniki ya bure. Alichokiona ni kwamba wanaoishiwa hasa ni wale waliojitoa zaidi, wenye kuipenda kazi. Nilikuwa nimejiona mwalimu mbaya aliyekuwa akijificha miaka 19 na sasa amefichuka. Kumbe lazima koroboi iwe imewaka kwanza ndipo iungue utambi.

Hata hivyo sitaki mwajiri yeyote aikate barua hii na kuibandika ukutani. Ushauri nasaha haukupunguza darasa la 58 hata mtoto mmoja. Haukuleta mwalimu wa pili. Mshauri wangu alinieleza wazi, kikao cha saba, kwamba nusu ya mzigo wangu imo kichwani na nusu iko mezani, na ya mezani yeye hana uwezo nayo. Kumtuma mfanyakazi kwa mshauri halafu akirudi umwongezee mzigo uleule ni kumtibu mtu malaria na kumrudisha kulala kinamasi bila neti. Ile orodha ya Shirika la Afya Duniani inazungumzia msongo wa kazini. Basi kazini napo pashughulikiwe.

Na kila shule ya upili ninayoijua ina idara ya ushauri nasaha kwa wanafunzi. Tunaiendesha sisi walimu. Tunawasikiliza wasichana waliofiwa, waliobakwa, waliokosa karo, kisha kengele inalia tunakwenda kufundisha sarufi. Sijaona idara kama hiyo ya walimu. Naomba bodi za shule zifikirie siku moja kila muhula ambapo mshauri wa kutoka nje, asiyemripotia mwalimu mkuu, anakuja na mwalimu anayetaka anaketi naye. Usiri ndio kila kitu hapa. Kama ningejua maneno yangu yatafika afisini nisingesema lolote, ningeketi dakika hamsini nikimsifu mwalimu mkuu.

Gharama nayo si ndogo. Vikao tisa kwa 2,500, nauli 600 kwenda na kurudi, jumla shilingi 27,900. Niliomba chama chetu kinisubiri mchango wa miezi mitatu. Mwenye kuuza mboga soko la Kibuye, Kisumu, hana pa kuzitoa, na yeye pia huishiwa. Kwa hilo natazama Zimbabwe. Huko tangu 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, amekuwa akiwafunza akina nyanya kuketi na watu kwenye benchi karibu na zahanati, kumsikiliza mtu, kumsaidia achague tatizo moja na apange hatua moja ya kulikabili. Washona wana neno lao, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na akina nyanya hulitumia hilohilo badala ya majina ya kigeni. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopita kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wanaosema haya ni mambo ya Wazungu wakaulize Harare. Nasi nyanya tunao, miti ya kivuli tunayo, na wahudumu wa afya wa kijiji wanatufikia hadi mlangoni.

Anayetafuta mshauri aulize kwanza usajili wake. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 inataka wanaofanya kazi hii wasajiliwe, na mtu wa kweli hachukii kuulizwa. Kama baada ya vikao viwili au vitatu hamwelewani, tafuta mwingine. Si utovu wa adabu. Na kama unawaza kujitoa uhai, usingoje Jumamosi kama mimi: mwambie mtu leo, nenda hospitali iliyo karibu leo. Usiogope polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua kinakwenda kinyume na katiba.

Nirudi kwa yule msichana. Kikao cha nane mshauri aliniuliza kuna deni gani bado, na nilijua. Jumatatu nilimwita, tukaketi kwenye benchi chini ya mwembe nyuma ya maktaba. Nikamwambia nilisoma insha yake vibaya na kwamba naomba msamaha. Alitazama viatu vyake. Kisha akasema, "Faraja haikuwapo, Madam. Ndiyo maana sikuiandika."

Nilimwomba aniletee ile insha niisome upya. Akasema aliichana siku niliyomrudishia. Kwa hiyo akanisimulia kwa mdomo, kuanzia kwenye jeneza na mlango, nami nikasikiliza bila kalamu. Kengele ya chakula ililia, hatukuinuka.

Kabla ya kuandika barua hii nilimwomba ruhusa. Sasa yuko Kidato cha Nne. Alikubali kwa sharti kwamba hakuna atakayemtambua. Jina langu unalo, Mhariri, pamoja na nambari yangu ya simu. Nisingeona haya kulichapisha, lakini ukilichapisha shule itajulikana, na ikijulikana naye atajulikana. Andika tu:

Mwalimu wa Kiswahili,
Kakamega